Jiko Lililonyamaza Ijumaa

Vijana wa karakana mliniaga kwa saa ya ukutani, zawadi ya kumpa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni na nashukuru. Mliniomba pia niwaandikie mambo ya kazini, mkasema habari za vyeo niziache. Hilo halikunisumbua, maana vyeo vyangu vinaenea kwenye kisanduku cha kiberiti na nafasi ikabaki. Nitawaandikia habari za sauti. Ndiyo kazi niliyoifanya hasa: kuitwa mahali, kuambiwa jiko linalia, na kutafuta linalia nini.

Nilitoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi nikidhani nitasimamia mitambo. Miaka hiyo mitambo mingi ya umma ilikuwa inauzwa au inafungwa, nami nikapangiwa Lindi, kwenye mradi wa majiko ya kuni. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba mwanawe ameajiriwa serikalini, akaishia hapo. Siku ya kwanza nilikwenda kazini nimevaa tai. Fundi mkuu wetu, Mzee Chande, mtu mfupi ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi, aliitazama ile tai akaniuliza kama nimekuja kuposa. Kisha akanipa mchi wa kutwangia.

Sikujua niufanyie nini. Akanionyesha: ncha moja unaigusisha kwenye ukuta wa jiko, ncha ya pili unaiweka sikioni. Mti haupitishi joto upesi kama chuma, lakini sauti unaileta yote. Yeye mwenyewe alianza kazi na nondo, na sikio lake la kushoto lilikuwa na kovu la kuthibitisha. Mchi ule nimeutumia mpaka wiki ya mwisho, na sijapata namna ya kuutumia mbele za watu nikaonekana mwenye akili timamu.

Elimu ya Mzee Chande kuhusu kelele za jiko ilikuwa fupi, nawaachia kama alivyonipa. Jiko linalotoa milio kama risasi limepewa kuni zenye maji. Usiliguse, waambie waanike kuni. Linalopiga mbinja lina ufa. Chukua kijinga kinachofuka, kizungushe taratibu karibu na ukuta, na pale moshi unapovutwa kuingia ndani ndipo penye ufa. Linalonguruma kama lori mlimani linavuta hewa kuliko haja yake, basi punguza mdomo. Bati linalogonga kwenye dohani linatanuka kwa moto na kujikunja likipoa. Lipe nafasi, usilibane kwa misumari kama mnavyopenda kufanya. Na kinachokwaruza ndani ya bomba asubuhi kabla ya moto ni ndege au popo, mtoe kwanza ndipo uwashe. Mimi nimewahi kumtoa kenge, lakini ule siuhesabu kuwa ufundi, kwa sababu tulikimbia wote wawili.

Juu ya hayo yote alikuwa na kanuni moja aliyoisema kama mtu anayefunga mlango: jiko likizimwa hunyamaza. Nilimuuliza, na lisiponyamaza? Akasema hajaliona jiko la namna hiyo, na kwamba nikiliona nikunje vifaa vyangu nirudi kumwita. Baadaye alistaafu akaenda kwao Tunduru, ambako simu haikufika. Ndipo jiko lenyewe likajitokeza.

Lilikuwa Nangurukuru, pale njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, kwa mama mmoja aliyeitwa Bi Esha. Alikuwa mpishi katika kantini ya kiwanda cha korosho. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walirudi shambani. Yeye akapanga kiwanja kidogo kando ya barabara akafungua hoteli ya makuti. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, mabasi ya watu binafsi yameanza kupita, na abiria aliyetoka Dar es Salaam na mavumbi yake yote alihitaji wali, maharage na chai kabla ya kuendelea na mateso. Mume wake alikuwa utingo wa lori, mara nyingi yuko safarini. Hoteli ile ndiyo iliyomlisha yeye, watoto wake, na mama mkwe wake, Bi Zuhura.

Jiko lake kubwa la sufuria mbili alijengewa na fundi Simoni, Mmakonde kutoka Newala, ambaye alipata kuhudhuria mafunzo yetu. Kwa hiyo jina la mradi lilikuwemo, na ndiyo sababu niliitwa mimi badala ya mganga. Wito wenyewe uliletwa na Simoni kwa baiskeli, nami wakati huo nilikuwa na kazi Kilwa Masoko. Alinieleza kwamba jiko lilifanya kazi vizuri wiki za mwanzo, kisha likaanza kutoa sauti, tena si wakati wa kupika. Linaanza baada ya moto kuzimwa. Linavuta pumzi, linafoka, linavunja vidole kama mtu anayejinyoosha. Na ukiligusa wakati huo, alisema, linazidi kuwa la moto bila kijinga hata kimoja ndani.

"Wanasema ni jini," Simoni akamalizia. "Linampikia wakati yeye amelala, ndiyo maana alikuwa na wateja wengi. Na jambo jingine, bwana. Siku ya Ijumaa halisemi. Basi ni jini la Kiislamu, mimi Mkristo halinihusu."

Alitania, lakini hali haikuwa ya utani. Wasichana wawili waliomsaidia Bi Esha walikuwa wameondoka. Madereva walianza kusimamisha mabasi upande wa pili wa barabara. Mwenye kiwanja, Mzee Bakari, mtu wa Tingi, si mkorofi ila mwoga wa maneno ya watu, alikuwa amemwambia Bi Esha kwamba mwisho wa mwezi avunje jiko na ahame. Na mtu anayeondoka njia panda kwa sababu ya jini hapati kiwanja pengine, maana sifa hiyo hupanda basi na kufika kabla yake.

Nilimkuta anaosha vyombo peke yake. Mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, aliyekwisha kuchoka kueleza. Aliniamkia vizuri, akanipa chai, akautazama mchi wangu. "Hata wewe, Bwana Jiko, umekuja na dawa?" akauliza. Nikamwambia hicho ni kipimo. Akasema sawa, kwa namna ambayo mtu husema sawa anapoambiwa na mgonjwa kwamba ni mzima.

Niliweka mchi ukutani jiko likiwaka. Nilisikia jiko linalopika wali, basi. Alipomaliza kazi mchana alimwaga maji kwenye kuni zilizobaki, kama wafanyavyo wapishi wengi ili makaa yafae kesho. Tukasubiri. Mimi nilikuwa nimeanza hotuba yangu kuhusu namna binadamu anavyosikia asichokijua, na nilikuwa nimefika mahali pazuri, jiko liliponikatiza. Lilivuta pumzi ndefu kama mtu anayepuliza chai kwa kinyume. Kisha chini yake kitu kikaanza kutokota. Kisha ta, ta, kama vidole. Niliweka kiganja ukutani nikakiondoa haraka. Lilikuwa limepata joto kuliko lilipokuwa na moto.

Hotuba sikuimalizia. Bi Esha hakucheka wala hakuniambia kwamba aliniambia. Alikaa tu na mikono mapajani akinitazama usoni, akitafuta kama na mimi nimeogopa. Nilijitahidi, lakini uso wangu haujawahi kufanya kazi ya kuficha mambo.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Nilibadilisha kuni. Nilipitisha kijinga nikaziba nyufa. Nilipanda juu ya makuti nikafungua kofia ya dohani na kuifunga upya, wakati Simoni akinishikia ngazi na kuniuliza kama huko chuoni tulisomea pia sala. Kila nilipoziba ufa, kesho yake ulipasuka mwingine, kana kwamba ukuta unavimba kutoka ndani. Nililala kwa Simoni, nikiwaza kumpelekea Mzee Chande barua, na nikifahamu kwamba jibu lingefika mwezi mwingine, hoteli ikiwa imeshavunjwa.

Ijumaa ikafika, na kweli jiko halikusema. Nilikaa nalo mchana kutwa na mchi wangu. Kimya. Watu waliopita kwenda msikitini walinitazama kwa heshima mpya, kama mtu anayemlinda jini akiwa hayupo.

Kimya kile ndicho kilichonisaidia. Mzee Chande hakuamini mambo ya siku, aliamini mambo yanayofanywa siku hiyo. Nikamwomba Bi Esha anieleze Ijumaa yake tangu alfajiri. Akaeleza: anapika kidogo, anafunga mapema kwa ajili ya sala, na kwa haraka hazimi moto. Anauacha ufe wenyewe.

Hamwagi maji. Niliinuka nikazunguka jiko mara kadhaa nikiwa na furaha ya mtu aliyepata nusu ya jibu, ambayo ni furaha mbaya kwa sababu hujui uifanyie nini. Kitu gani ndani ya jiko kinagombana na maji?

Sasa nimtaje Bi Zuhura vizuri. Alikuwa mwanamke mwembamba, mzaliwa wa Kivinje, mwenye kutembea wima na kusema kidogo. Kazi yake ilikuwa kuchambua mchele kwenye ungo, pembeni ya jiko. Nyuma ya ungo, asipodhani anatazamwa, alitafuna tambuu, lile jani la kuchangamsha linalotia mdomo wekundu. Mwanawe alikuwa amemsihi aache kwa sababu ya vidonda vya mdomoni, na yeye alimwahidi kwa jina la Mungu kwamba ameacha. Midomo yake ilikuwa myekundu kama bendera, lakini nyumba nzima ilikubaliana kutoiona.

Siku iliyofuata, jiko limepoa, nilimwona akiweka ungo chini. Akajifuta mkono kwa upande wa khanga, akaingiza kidole kwenye ufa kando ya mdomo wa jiko, akakitoa na kitu cheupe, akakipaka juu ya jani, akaongeza kipande cha kokwa ya popoo, akakunja, akatia kinywani. Alifanya hivyo kwa wepesi wa mtu achukuaye chumvi kwenye kibuyu chake mwenyewe.

Tambuu haliliwi bila chokaa. Kemia niliyoifaulu kwa kukariri ikanijia saa ile imevaa khanga. Nilimwita Simoni pembeni nikamuuliza mawe ya jiko aliyapata wapi. Akasema kulikuwa na ukuta wa zamani umebomoka, akapewa mawe bure. Mepesi, yenye vitundu, yanachongeka kwa panga, akashukuru akayafunika kwa udongo wa kichuguu. Kwao Newala hakuna mawe kama yale, hivyo hakuwa na sababu ya kuyashuku. Yalikuwa matumbawe. Pwani yote hii watu wameyapanga juu ya magogo na kuyachoma wapate chokaa. Bi Esha alikuwa anapikia wali ndani ya tanuri. Kila siku moto uligeuza kipande kingine cha jiwe kuwa chokaa ambayo haijazimwa, na kila mchana ndoo yake ya maji ilipenya kwenye nyufa na kuizima. Chokaa ikachemka, ikavimba, ikapasua ukuta na kutoa joto lake.

Nilimweleza Bi Esha faraghani, nikitegemea atafurahi. Alifurahi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu akaniuliza watu wataaminije. Nikasema shahidi tunaye ndani ya nyumba, amekuwa akiila. Akanitazama kama nimetukana.

"Yule ni mama yangu, Bwana Jiko. Amemwahidi mwanawe kwa Mungu. Nisimame mimi mkwe wake nimwambie Bakari na madereva kwamba mama anachokonoa jiko kwa siri? Bora nihame."

Nikasema basi nitazungumza na mama mimi. Akasema nikifanya hivyo nisinywe tena chai yake. Nami niliipenda chai ile.

Ikabaki sayansi. Tulimwomba Mzee Bakari aje, naye akaja na watu wengi kuliko tuliowaomba, wakiwemo madereva wawili waliosimama karibu na barabara ili wawe na pa kukimbilia. Simoni alivunja ukuta wa ndani kwa nyundo mbele ya wote, akatoa bonge jeupe. Nikaliweka kwenye beseni la bati nikaeleza habari ya mawe, moto na maji kwa Kiswahili changu safi kabisa, kisha nikamwagia maji. Kwa muda halikufanya kitu. Halafu likavuta ile pumzi. Likafoka, likatoa mvuke, likachemka peke yake mpaka beseni likatikisika.

Watu walirudi nyuma kwa pamoja. Mzee Bakari alikohoa.

"Mwanangu, nimekuelewa," akasema. "Lakini mwanzo tulikuwa na jiko linalochemka bila moto. Sasa tumeona na jiwe. Umetupunguzia wasiwasi au umetuongezea?"

Mtu mmoja nyuma akasema hata waganga huanza na beseni. Bi Esha alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya khanga, na niliona anaanza kuhesabu kwa macho vitu vya kubeba: sufuria, mabenchi, ndoo.

Ndipo Bi Zuhura akaweka ungo chini. Alipita katikati ya watu bila kumwomba mtu njia, akaja akachuchumaa kwenye beseni. Alisubiri litulie. Mtu mzima akichuchumaa kwa utulivu namna ile humwulizi. Akatoa kifundoni mwa khanga kijaluba chake cha tambuu, akakifungua mbele ya macho ya Nangurukuru nzima, akachukua jani. Kidole kikagusa ule uji mweupe, kidogo tu, kama mtu anayeonja. Popoo. Akakunja, akaweka shavuni, akatafuna.

"Kama ni jini," akasema, "basi nimelitafuna tangu mfungo mosi, na mnaniona."

Mtu alicheka, akajizuia. Bi Zuhura akamgeukia mwenye kiwanja.

"Wewe Bakari. Baba yako alipojenga Tingi alikuja Kivinje kwa baba yangu kuchukua chokaa. Jini hilohilo limepakwa kwenye nyumba ulimozaliwa. Ulipata kulisikia likikuamkia?"

"Hapana, Bi Zuhura," akasema Mzee Bakari.

"Basi mwache mkwe wangu apike."

Akainuka, akatema mate pembeni, marefu na mekundu, akarudi kwenye ungo wake. Alipopita mlangoni Bi Esha alimshika mkono. Bi Zuhura akauacha ushikwe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu, kwamba habari za mdomo wake atazieleza mwenyewe kwa mwanawe, mtu asimtangulie. Nasikia alizieleza, na mwanawe akamjibu kwamba alikuwa anajua, na kwamba khanga zote za nyumbani zilikuwa zinajua.

Tulibomoa jiko kesho yake. Mawe yale niliamuru yafukiwe mbali na watoto, maana chokaa ya namna ile ikiingia jichoni si habari ya kucheka, na mpaka leo nashukuru kwamba wote pale walipona bila hata mtu mmoja kupofuka. Bonge moja lilipotea kabla ya kufukiwa, sikuuliza. Simoni alijenga upya kwa matofali ya kuchoma kutoka Mitole, akigonga kila tofali kwa mpini wa mwiko na kusikiliza kabla ya kuliweka, kama mtu anayenunua nazi. Tangu hapo, vijana, swali la kwanza nililouliza kila nilipoitwa pwani lilikuwa jiko limejengwa kwa mawe gani, na la pili moto mnauzimaje. Yaulizeni hayo kabla ya kutoa mchi.

Jiko jipya tuliliacha likauke vizuri, ndipo Bi Esha akawasha. Alipika wali kama kawaida. Mchana akachukua ndoo, akasita, akanitazama, akamwaga maji. Moshi ukapanda na majivu yakalowa. Tukakaa kwenye benchi, mimi, yeye na Simoni, Bi Zuhura nyuma ya ungo wake, tukisikiliza. Kuku alipita. Mtu fulani barabarani alikuwa anapampu tairi. Jiko halikusema lolote. Nilitaka kuweka mchi ukutani nihakikishe, Bi Esha akanishika mkono akasema tuliache lipumzike, limesema vya kutosha.

Basi moja likasimama, upande wetu. Abiria wakashuka wakijipangusa mavumbi, wakaingia wakajaza mabenchi kwa fujo, mmoja akiwa ameegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa jiko bila hata kuutazama. Bi Esha alisimama mbele yao na kitambaa mkononi akingoja lile swali la jini ambalo alikuwa amezoea kuulizwa.

Wakaagiza chai.